Kivuli cha Sikulu Saa Kumi

Aliyetusimulia haya kwanza ni shangazi yetu Wilkista, siku ya pili baada ya Krismasi ya 1997, tukimenya ndizi. Yeye ndiye aliyeuza kahawa kwenye benchi la njia ya Chwele, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Ng'ambo ya barabara, upande wa magharibi, palikuwa na kilima tulichokiita Sikulu. Kufikia 1994 chote kilikuwa kimechimbwa murram, udongo wa kokoto, na kutandazwa barabarani. Nyanya yetu Nekoye, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani nyanya, na aliyeolewa chini ya kilima hicho, alikuwa akipoteza macho, na daktari alimwambia asitegemee kuona baada ya mwaka huo. Alitaka kuiona Sikulu mara moja zaidi. Hakuna aliyewahi kuipiga picha. Kwa hivyo alasiri moja ya Agosti mwaka huo, kaka yetu Zachary, mchora ramani katika ofisi ya wapimaji wa ardhi Kitale, alifika benchini na visanduku viwili vya disketi. Bosi wake angemwachia kompyuta Jumamosi na Jumapili, na ndani yake mlikuwa na nafasi ya programu moja tu ya kuchora milima. Aliwakuta wateja wawili: Wanjala, aliyeitwa Injinia kwa kuwa alifanya kazi kiwanda cha karatasi Webuye, amejifunika gazeti kichwani, na Rotich, aliyeitwa Refa kwa kuchezesha mechi za shule kule Kapsokwony, amevuta kofia hadi kwenye nyusi.

ZACHARY: Hii ya kwanza inajitungia mlima yenyewe. Unabonyeza, inaleta mawe, miti, ukungu, hata ziwa. Hii ya pili haina urembo. Inataka uiambie urefu: hapa mita ngapi, pale ngapi.

INJINIA: Chukua ya kwanza. Haraka haraka haina baraka.

REFA: Hiyo methali si inakataa ya kwanza?

INJINIA: Inakataa kungoja, bana. Wewe puliza kipenga, methali achia wenyewe.

REFA: Mlima yenye inajitunga ni ya Wazungu. Utaona imeweka theluji. Kukhu ataona theluji Bungoma, aulize ati alikufa lini.

WILKISTA: Refa, huyo ni mama yangu.

REFA: Pole, dada. Niongezee kahawa kidogo.

ZACHARY: Theluji naweza kutoa. Shida ni kwamba itatoka kilima, lakini haitakuwa Sikulu.

INJINIA: Macho yamechoka. Atajuaje?

ZACHARY: Atajua.

REFA: Basi chukua ya pili. Mita ni mita. Sikulu ilikuwa mita mia mbili.

INJINIA: Mia mbili ni Elgon hiyo. Ilikuwa thelathini.

REFA: Ulipanda lini?

INJINIA: Na wewe?

REFA: Mimi nilikuwa naiangalia kutoka hapa.

INJINIA: Miaka ishirini unaangalia kitu na hujui urefu wake.

REFA: Asiyejua maana haambiwi maana.

INJINIA: Halafu ukiandika hiyo urefu yote, itaingia? Kule Webuye roli ya karatasi ikizidi uzito mashine inakataa. Na hiyo ni karatasi tu. Mlima ni udongo. Hiyo kompyuta itapasuka Jumapili, watu wakiwa kanisani.

REFA: Kupasuka si kitu. Watu wa barabara wakisikia Sikulu imerudi, si watakuja kuchimba murram humo ndani? Zachary, weka kufuli.

Zachary hakucheka. Alikuwa amekuja kutafuta mita, na zilizopatikana zilikuwa mia mbili za Refa na thelathini za Injinia.

Wakati huo Nekoye alifika kwa fimbo yake. Wilkista alimpisha benchini. Alikaa, akageuza uso upande wa magharibi.

NEKOYE: Mbona mnakaa juani?

Injinia aliliondoa gazeti kichwani, akaliangalia.

REFA: Kukhu, benchi ndiyo iko hapa.

NEKOYE: Nauliza nani aliiweka juani.

Wilkista aliinua birika, lilikuwa tupu.

NEKOYE: Baba Wilkista aliigonga misumari hapa kwa sababu ya kivuli. Kengele ya shule ikilia watoto waende nyumbani, Sikulu inafunika benchi, na mimi naleta chai. Kabla ya kengele, jua.

ZACHARY: Kengele ya saa kumi?

NEKOYE: Kwani ilibadilishwa?

Zachary alianzia benchini, akavuka barabara akihesabu hatua hadi katikati ya shimo lililoachwa na Sikulu, akaziandika.

INJINIA: Sasa unapima shimo?

ZACHARY: Jua la saa kumi halijachimbwa. Nikijua lilivyoinama na kivuli kilifika wapi, napata urefu.

Aliondoka na programu ya pili. Septemba alileta karatasi moja, kilima kwa nyeusi na nyeupe, kivuli chake kikifika benchini. Nekoye aliisogeza hadi karibu na pua.

"Kichwa si chake," alisema. "Kivuli ni chake."

Nyanya Nekoye alifariki Februari mwaka huu wa 1999, na Injinia alimtangulia kwa miezi minne. Refa, Zachary na shangazi Wilkista wako hai. Benchi halijahamishwa.