Jumamosi Tatu za Kutafuta Faili

Ndugu zangu waombolezaji, mimi ni mama wa marehemu, shule sikwenda, kwa hiyo nitayasema kama nilivyoyaona.

Mwanangu huyu wa kwanza alizaliwa Ijumaa, tarehe tatu Machi 1961, chumba cha nyuma cha nyumba hii, akaanza shule mwaka 1968, akamaliza sheria 1986, akawa hakimu mwaka uliofuata, tarehe tisa Desemba 1989 akamuoa huyu mwalimu wa hesabu mnayemwona, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hata zamu ya kuoga baba yao aliwabandikia mlangoni.

Mwaka 2004 akapewa kuongoza mahakama ile ya karibu na stendi, akakuta mashahidi wote wanaitwa saa mbili asubuhi, wanashinda kwenye benchi, jioni wanaambiwa njooni mwezi ujao, basi yeye akampa kila shahidi saa yake, mawakili akawakatalia kuahirisha ovyo, na kila Jumatatu akakaa na makarani waulizane kesi gani imekwama na nani kaikwamisha, wakamwita Bwana Saa, tena kwa hasira.

Sasa la nyumbani. Mwaka 2015 mdogo wake alikuwa na kesi ya mpaka na jirani, mahakama hiyo hiyo ya kaka yake, akaja hapa sebuleni akasema, "Kaka, nisogeze mbele kidogo," akajibiwa, "Foleni ni ya wote, bwana mdogo," mara faili likapotea, mdogo mtu akasema limefichwa makusudi, akaapa, "Hata ukifa sikuziki," na tangu siku ile hawakusalimiana.

Faili halikufichwa. Karani alilichanganya na kesi zilizokwisha, na marehemu alivua koti akafukua stoo Jumamosi tatu mfululizo, akaja kwangu shati limejaa vumbi, amelipata, pamoja na mengine kumi na mawili ya watu wasio na ndugu mahakamani, yote akayapangia tarehe kwa zamu, la mdogo wake akamkabidhi hakimu mwingine, akaniambia, "Mama, usimwambie, atadhani nimembeba," nami nikanyamaza, na hapo nilikosea.

Alistaafu mwaka 2021, figo zikaanza kumsumbua Juni mwaka jana, akalazwa tarehe kumi na moja mwezi huu, akatutoka juzi Jumanne, saa nne asubuhi. Asanteni madaktari na wauguzi, asanteni majirani kwa viti na maji, asanteni makarani, hata nyie aliowagombeza.

Na wewe uliyesimama kule getini, ingia mwanangu, nafasi ya mbele ya jeneza nimekuwekea, hakuna mwingine atakayeishika.

Kaka mtu, pumzika kwa amani, hatukuinui mpaka afike.