Viwanja Viko kwa Mpima

Sogeeni karibu, wanangu, na mmoja wenu azime hiyo redio, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana nayo. Leo nimeamka roho imetua, na nataka kusema kabla pumzi haijanisusa.

Mnajua nilikuwa tarishi miaka thelathini katika ofisi ya kaunti ng'ambo ya mto. Kule karani ndiye kila kitu: ukizaliwa anakuandika yeye, ukifa yeye, na kiwanja chako kimo katika daftari lake. Nilibeba mafaili yale mpaka bega likapinda, nikajiona naijua serikali nzima. Basi tulipohamia upande huu na kupata kiwanja hiki, nami nimelala na mguu uliovunjika, nilimpa baba yenu mdogo hati nikamwambia ampelekee karani.

Nilipopona nikaenda mwenyewe kuhakikisha. Sikusalimia vizuri wala sikusema natafuta nini, nilidai daftari tu, kwa ubosi, na karani akanipa alilokuwa nalo. Jina langu halikuwamo. Nikarudi hapa hapa sebuleni nikamwita mdogo wangu mwizi mbele ya mkewe, kwamba amejiandikishia kiwanja changu. Alitaka kunieleza, nikamkata kauli. Mimi mtu wa ofisi nifundishwe ofisi na seremala? Akaokota kofia yake akatoka. Miaka kumi na minane tunapishana sokoni kila mtu akitazama nyanya zake, na miaka yote hiyo kila hodi ilinishtua, nikidhani ni mtu wa kutuhamisha.

Juzi dada yenu mkubwa alikwenda kuomba kibali cha kuezeka upya, na mama wa dirishani akamwambia, "Karani wa huku anaandika mikutano ya baraza tu. Viwanja viko kwa mpima, mlango wa pili." Kumbe siku ile nilitafuta kiwanja changu katika mahudhurio ya madiwani! Chekeni, nami nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kwa mpima faili limo, jina ni langu, na chini pameandikwa: Imeletwa na mdogo wa mwenye kiwanja. Yeye aliuliza dirishani kwanza, akaelekezwa. Mimi sikuuliza.

Nimeona haya, lakini nafuu niliyonayo ni kubwa kuliko haya. Nyumba ni yetu, na ndugu yangu si mwizi.

Basi shikeni haya. Nyumba ni yenu watatu, msiigawe kwa ukuta. Banda la uani alimokuwa akichongea, na randa zilizomo, ni za baba yenu mdogo, na mkaandikishe hivyo kwa mpima, si kwa karani. Popote mtakapohamia, ulizeni kwanza nani hufanya nini, hata kama cheo mnakijua.

Nipeni maji... Inatosha. Mungu awaweke pamoja, awape vinywa vya kuuliza na masikio ya...

Nani huyo anabisha hodi? Angalieni, leo sikushtuka. Ni ndugu yangu, ameitikia wito wangu? Mwache apite, binti yangu, kiti kiweke hapa upande wa kichwa changu. Na ninyi msitoke. Nilimtukana mbele za watu, nitamwomba radhi mbele za watu. Niinueni kidogo... nataka nimsalimie vizuri.