Mguu wa Hawachoki

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu wa jumuiya! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Mama Agnesi, mkulima wa mihogo na ufuta huku Rutamba. Leo nasimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mbwa. Mnaotaka kucheka, chekeni, nami nacheka!

Mbwa wangu anaitwa Hawachoki. Tangu mume wangu afariki, shambani tuko wawili tu, mimi na yeye. Siku moja nguruwe pori alitoka kwenye magugu akanijia mbio, nami nina jembe tu mkononi. Hawachoki alimrukia shingoni hadi yule mnyama akageuza njia. Ndugu zangu, nisingekuwa hapa!

Basi msimu uliopita akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Nikadhani ni mwiba, nikatafuta, sikuuona. Juu kidogo ya kifundo pakavimba, pagumu kama jiwe. Nikikanda kwa maji ya moto, analia. Akaacha kula. Shemeji yangu akaniambia, "Shemeji, mpe sumu apumzike. Mbwa si mtu." Moyo uliniuma, jamani!

Nikampeleka Lindi kwa daktari wa mifugo. Alimpapasa, kisha akasema, "Mama, nahofia ni saratani ya mfupa. Ugonjwa huu haukai mahali pamoja, unakimbilia mapafuni. Mpeleke Dar es Salaam akapigwe picha. Ikiwa kifua bado ni safi, wataukata mguu kabla haujasambaa."

"Wakate mguu mzima?"

"Mzima, mama. Ukibaki, utaondoka naye."

Nilirudi nyumbani nikakaa barazani, machozi yananitoka. Dar nitamfikishaje? Basi gani litapakia mbwa? Nikasali, "Bwana, hiki kiumbe ni chako. Nionyeshe njia."

Njia ilikuwa kwa jirani! Mzee Bakari, mnamjua, Mwislamu safi, ana lori la kubebea ufuta. Alinikuta nalia, nikamweleza. Akasema, "Mama Agnesi, mbwa huyu amenilindia na mihogo yangu. Kesho napeleka mzigo Dar. Mlete." Asubuhi akatandika turubai, akamnyanyua mwenyewe. Nikamwambia, "Mzee, mate yake yatakuchafua." Akajibu, "Maji yapo, nitajitwaharisha. Panda twende."

Picha zilionyesha mfupa umeliwa, lakini kifua, ndugu zangu, kifua kilikuwa safi! Wakamkata mguu. Nikasubiri nje, rozari mkononi, na Mzee Bakari kando yangu anavuta tasbihi. Kila mtu aliomba kwa Mola wake.

Daktari alipotoka alikuwa anatabasamu. Baadaye wakaanza kumtundikia dripu za dawa, ili kuwinda mbegu za ugonjwa zilizoweza kuponyoka kabla ya mguu kukatwa. Tukawa tunarudi kila alipotakiwa, na lori ni lilelile.

Leo Hawachoki anatembea kwa miguu mitatu. Juzi kafukuza nyani hadi ng'ambo ya kijito, akarudi ulimi nje, mkia juu! Shemeji yangu alimwona, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe!"

Sitawadanganya kwamba ugonjwa hautarudi. Daktari ameniambia wazi kwamba unaweza kurudi, ndiyo maana tunampima kifua mara kwa mara. Lakini mimi nina amani. Kila asubuhi akiamka na kudai uji wake, nasema, asante Bwana!

Ndugu zangu, ukiona mnyama wako anachechemea na mfupa unavimba, usikae nyumbani ukikanda na kungoja. Wahi! Piga magoti umwombe Mungu, kisha inuka utafute daktari. Na Mungu akikuletea msaada kwa mkono wa jirani anayesali tofauti nawe, upokee kwa mikono miwili. Mzee Bakari yuko pale nje, amekuja kunisikiliza. Mkitoka, msalimieni.