Aliyemchora Fundi Mwenye Pini Mdomoni

Ndugu, jamaa, majirani na wenzake wa kazini, kabla sijaifungua karatasi hii naomba kila mmoja aape moyoni kwamba nitakayoyasema yataishia hapa hapa, kwa sababu marehemu aliniapisha wodini nisimwambie mtu, nami dada yake nimejitahidi, nimefunga mdomo tangu siku ile hadi mchana wa leo, na mnaonijua mnajua hilo ni jambo la kupewa nishani, lakini sasa basi, nimechoka na siri za watu wanaopendana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika chumba cha nyuma ya duka la kushonea la baba yetu, akiwa kitinda mimba, mimi nikiwa wa kwanza na katikati yetu akiwepo kaka yake, fundi cherehani, yule pale kiti cha mbele mwenye koti la kijivu, anayetazama viatu vyake kana kwamba kaviazima.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akawa mtoto wa kulia mwenzake akichapwa, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1984, na tarehe 9 Desemba 1989 akafunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wifi yangu huyu, mwanamke mvumilivu, wakajaliwa mabinti wawili ambao wote wameurithi mdomo wangu.

Alifundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na kila siku wakati wa mapumziko alikuwa akiamua ugomvi, huyu kamsukuma yule, yule kamnunia huyu, mpaka akasema watoto wanafundishwa kuzidisha na kugawanya lakini hakuna anayewafundisha kusema nimeumia, basi akajifunza kompyuta ukubwani, na mwaka 2013 akaacha kazi, akapanga chumba juu ya duka la mikate, yeye na vijana wawili, wakaanza kutengeneza gemu la simu.

Kwa wasiolijua, ni nyumba yenye milango saba, hakuna bunduki wala mbio za magari, nyuma ya kila mlango yupo mtu na moyo wake, msichana mwenye wivu, bibi mwenye hofu, na mtoto anayecheza lazima aitambue hali ya yule mtu ndipo mlango ufunguke, tena kila siku saa nane mchana, watoto wakishatoka shule, sauti ya marehemu mwenyewe hutoka kwenye simu na kuuliza, moyo wako ukoje leo?

Hapo ndipo uharibifu ulipoanza, maana kaka yake alisimama dukani mbele ya wateja, futi ya kupimia shingoni, akasema, "Mwanaume mzima na ndevu zake anafundisha watoto kununa!", na marehemu, ambaye naye hakuwa malaika, msimfanye malaika kwa sababu amelala hapa, alirudi kwenye chumba chake akachora mtu wa mlango wa saba, fundi cherehani mwenye pini zimejaa mdomoni, asiyeweza kuomba msamaha kwa sababu ya zile pini.

Gemu lilipotoka mwaka 2016, watoto wa mtaa mzima wakawa wakipita dukani wanaita, "Fundi, toa pini!", kaka mtu akafunga mlango wa moyo na wa duka, na ndugu hawa wawili, waliozaliwa chumba kimoja, hawakuzungumza tena, wakipishana barabarani mmoja anatazama mawingu, mwingine anakagua mtaro.

Mwaka jana mwezi wa Agosti marehemu alianza kuugua figo, akalazwa hospitali kuu, nami nikaenda kwa fundi kumpa taarifa, nikasingizia zipu ya sketi, na nilipofika dukani nikasikia nyuma ya pazia sauti ya mdogo wangu, aliye hoi kitandani, ikisema, "Pumua. Usibonyeze. Msubiri azungumze." Nikachungulia, ndiyo, nilichungulia, nikamwona bwana mkubwa, miwani puani, simu mkononi, yuko mlango wa saba, anabonyeza kabla fundi hajatoa pini, na fundi anamgeuzia mgongo, anarudia, anageuziwa tena, anamtukana fundi, na fundi ni yeye mwenyewe!

Nikakohoa, nikampa taarifa ya hospitali kama sijaona kitu, kisha nikarudi wodini mbio nikamwambia marehemu, akacheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza, kisha akanishika mkono akasema, "Dada, usimwambie mtu kwamba umemwona, akisikia ataacha. Mlango ule haufunguki kwa haraka. Nitamsubiri." Nikamwambia wewe unasubiri yeye avuke, yeye anasubiri avuke ndipo aje, mtasubiriana mpaka lini, akasema gemu ndivyo lilivyo, nami nikasema basi gemu lako ni bovu, na sijayafuta maneno hayo, kwa sababu tarehe 2 Juni alfajiri alifariki, na kile kiti kando ya kitanda hakikuwahi kukaliwa na aliyetakiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika na kulala nasi, na wale vijana wawili wa juu ya duka la mikate, ambao nimewaomba wasiizime ile sauti, na kama mmejiuliza kwa nini nasoma polepole namna hii, na kwa nini sikukagua nani hajazima simu kama tulivyoambiwa, itazameni saa ya ukutani, inatimia saa nane.

Haya. Mnaisikia? Karatasi naiweka chini. Mdogo wangu anauliza, moyo wako ukoje leo, na anaulizia ndani ya koti la kijivu.

Usiifunike kwa mkono, fundi, tumeshasikia sote, itoe. Wifi, mpishe asogee karibu na jeneza. Na wewe, mdogo wangu, pumzika sasa, kazi ya kusubiri tuachie sisi, maana mwenzio amesimama, simu iko mkononi inaendelea kuuliza, na kwa mara ya kwanza habonyezi kitu.