Shanga Zilizofika Majuu Zikinuka

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Nitasimama hapa hapa karibu na mlango, maana nikija mbele nitaangaliana na mtu ambaye bado namwonea aibu. Nikikwama, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa mifupa, Kambi Muru, Kibera. Tunatoa mifupa ya ng'ombe buchani, tunaichemsha, tunaikata na kuing'arisha mpaka iwe shanga. Mimi ndiye nilikuwa nachemsha. Mama mmoja wa hapa Kabiro, tunamwita Mathe, alikuwa anatoboa na kutunga. Tuliuza kwenye mtandao wa watu wanaotengeneza vitu kwa mkono, wateja wakiwa majuu, huko ng'ambo, na duka lilikuwa la kikundi chetu chote cha mafundi.

Sasa, mfupa una mafuta ndani. Unauchemsha na sabuni, unamwaga maji, unachemsha tena mpaka mafuta yaishe. Karibu na Krismasi oda zikajaa, nami nikachemsha mara moja tu. Mfupa ukatoka mweupe, unang'aa. Mathe akaunusa, akauliza kama umeiva, yaani kama mafuta yameisha. Nikamjibu kwa dharau kwamba fundi wa sufuria ni mimi. Nawaambia ukweli, nilijua haujaiva.

Shanga zikafika majuu zikitoa mafuta, zinanuka kama kichinjio. Wateja wakalalamika, wenye mtandao wakalifunga duka letu. Wenzangu waliponiuliza, nilisema ni joto la safarini. Wakaniamini, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Baadaye nilienda mtaa wa Olympic kutafuta kibarua, nikamkuta Mathe kwenye ua wa watu, ameinama anafua mablanketi kwa malipo, maana shanga za kutunga hazikuwepo tena. Akanisalimia vizuri, akauliza kama nimekula. Ndugu zangu, nilishindwa kujizuia. Nilimwambia yote hapo hapo kando ya beseni, nikilia kama mtoto.

Hakunigombeza. Alikamua blanketi lake, akalianika, ndipo akasema:

"Nilisikia harufu, kijana wangu. Lakini nilikuamini wewe kuliko pua yangu."

Afadhali angenipiga. Nilienda kwa kikundi nikasema ukweli. Tukawaandikia wateja wote kwamba kosa ni langu, nikachemsha upya, tukawatumia shanga zingine. Wengine hawakujibu mpaka leo. Waliojibu walitusemea vizuri, na duka likafunguliwa. Lakini oda hazijarudi kama zamani, na Mathe bado anaenda kufua Olympic.

Kwa hivyo nawashukuru wenzangu, mngeweza kunifukuza. Na wewe Mathe, asante, hata kama siwezi kukuangalia. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Mimi nilidhani kung'arisha kunatosha.

Siku hizi mfupa haukatwi mpaka Mathe aunuse. Jana alinusa, akasema bado. Mkisikia nanuka moshi leo, mnisamehe. Nilirudisha sufuria motoni.