Asilazwe Chali

Siku ile ya Jumatatu, baada ya sala ya Alasiri, chumbani kwa mama mkwe wangu Bi Khamisa, hapa Shella, Malindi, tulikuwepo watu watano: yeye mwenyewe, ameegemezwa mito mitatu kwa sababu moyo wake ulikuwa umechoka na maji yamejaa kifuani, mume wangu Abdulhadi, mwanawe mkubwa, wifi yangu Sumeiya, aliyekuwa akimkanda miguu bila kuambiwa, mimi Zainab, na mwanangu Faiz wa miezi mitatu, amelala kifudifudi kifuani pangu. Mama aliniambia, "Wewe una mwandiko mzuri, andika." Nimeandika kama alivyosema.

Sikilizeni wanangu, wala msinikatize, kwa maana pumzi iliyobaki inatosha kusema mara moja tu.

Nyumba hii niliachiwa na baba yangu. Mtaigawa kama sheria inavyogawa, na asiwepo wa kununa. Lakini chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, ambacho wewe Abdulhadi umekitolea macho ukifungue duka, nimemuusia Faiz. Mjukuu harithi babake akiwa hai, kwa hiyo nampa kwa kinywa changu, na hakifikii thuluthi ya mali yangu. Kina hewa, na gari husimama mlangoni. Mtoto kama huyu halazwi chumba cha uani, ambako mpaka umtoe umeshavuka milango mitatu.

La pili ni zito. Abdulhadi, ulikuwa na ndugu, Bwanamkuu. Mnajua kwamba alikufa, hamjui alivyokufa. Alizaliwa na kidevu kidogo kilichorudi nyuma na kaakaa lililo wazi, vile vile kama Faiz, akikoroma mchana kutwa kama mzee, na kila akivuta pumzi ngozi ya kooni inazama ndani. Tulikuwa tukikaa Muyeye. Nilimfungia chumbani nikasema watu watamwona arubaini ikiisha, kumbe nilikuwa naona haya, na mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyeingia ni jirani yangu peke yake, Kahonzi, Mgiriama wa Adu aliyekuwa akiuza mchicha. Akamtazama, akaniambia, "Mama Abdulhadi, mgeuze huyu mwana alalie tumbo. Ulimi unarudi nyuma unamziba. Hata mwanambuzi akizaliwa hivi ndivyo tumfanyavyo." Nikamjibu, "Mwanangu si mbuzi, na kwetu kulala kifudifudi ni kulala kwa kuchukiza." Akacheka kidogo, akasema, "Haya, mlaze upendavyo, lakini mwangalie."

Nikamlaza chali, kama nilivyolazwa mimi na mama yangu. Siku ya kumi na tisa nilitoka uani kuanika nguo. Nikiwa kambani nikasikia hakoromi tena. Nikashukuru kwamba amepata usingizi mzuri, nikaendelea kuanika mpaka nguo zikaisha.

Kisha nikasema ni jicho la Kahonzi. Nililisema matangani, nikalisema kisimani, na wanawake wakaacha kununua mchicha wake, mpaka akabeba watoto wake akarudi Adu. Leo ni miaka thelathini na mmoja. Dawa ya deni ni kulipa, hata likiwa deni la maneno. Abdulhadi, arubaini yangu isipite hujafika kwake. Mwambie mbele ya watoto wake kwamba mimi nilisema uongo na yeye alisema kweli. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, usibishane naye.

Zainab, na hili hulijui. Mlipotoka hospitalini kule Kilifi, muuguzi alitueleza kwamba watoto wengine walazwe chali, lakini huyu, mpaka kidevu kikue, alale kifudifudi, uso pembeni, na asiondolewe macho. Nikasema ndiyo kwa mdomo. Siku ya tatu ulipoingia kuoga, nilimgeuza. Nilikwisha kuzika mmoja na bado nilimgeuza, kwa sababu kama kulalia tumbo kunamponya huyu, basi yule nilimuua mimi. Nilitaka nione kwamba si mimi niliyemuua. Midomo yake ikawa samawati, mbavu zikazama. Nikamrudisha, akavuta. Ulipotoka ukanikuta nimemkumbatia nalia, ukadhani ni mapenzi ya bibi, ukaniletea chai. Nisamehe, mwanangu.

Sasa nami najua kifua kinavyotafuta hewa isipatikane.

Nikifa, nyumba itajaa. Watakuja kina mama wa Lamu na wa Mambrui, wote wana huruma, kila mmoja atataka kumpakata mjukuu wa marehemu, na mikono ile yenye huruma itamlaza chali, maana ndivyo ilivyozoea. Zainab ni mke wa mwana, hana kinywa mbele yao. Wakimwambia, "Lete mtoto, wewe kapumzike," atampa. Kwa hiyo, Abdulhadi, haki yako ni kushuka kaburini unipokee, nami nakuondolea haki hiyo. Anipokee mjomba wenu. Wewe keti chumba cha mbele na mwanao kifuani, mlango umeufunga, na atakayebisha mwambie ni amri ya mama. Watakusema kwamba hukumzika mama yako. Waache waseme.

Maziwa mpeni amekaa wima, kidogo kidogo, akichoka mngojeni. Akikoroma kuliko kawaida, au pumzi ikisita, msiseme tungoje kesho. Mpelekeni.

Sumeiya, bangili zangu ni zako, na kanga... zile za sandukuni, ugawane na Zainab. Acha miguu sasa, njoo huku juu, nikuone. Nyote nimewaridhia, radhi ya mama, haina... haina sharti. Mungu awafunike. Awape kuzikwa na watoto wenu, wala msiwazike ninyi. Zainab, usilie juu yake, utamshtua. Mpandishe kidogo begani... hivyo. Sasa namsikia.

Nipeni maji.

Mama alifariki Jumatano asubuhi. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, na Abdulhadi hakwenda makaburini.