Maua Yaliyopimwa kwa Njiti

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wetu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo kuna mtu hapa angependa niyaruke.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari 1975, akaenda chuo cha ualimu, na Januari 1978 akaanza kufundisha sayansi katika shule aliyoitumikia hadi alipostaafu mwaka 2017. Tarehe 9 Agosti 1982 alifunga ndoa na seremala, shemeji yetu wa kweli, aliyetangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto wawili, muuguzi na fundi umeme, mnaowaona hapa mbele.

Mwaka 1991, akiwa mlimani na wanafunzi, aliulizwa jina la ua dogo jeupe lililoota kwenye ufa wa jiwe, akakosa jibu, jambo lililomkera kweli kweli, na tangu hapo kila likizo alipanda hadi kule juu miti inakokoma, akalala kifudifudi kwenye baridi na kioo cha kukuzia, akihesabu petali na vinyweleo vya chini ya jani mpaka alijue ua ni lipi. Rula yake ilitumbukia korongoni siku ya kwanza, na kwa ukaidi wake hakubeba nyingine, akawa anapima kimo kwa njiti ya kiberiti, na daftarini anaandika namba tu, mbili, tatu, nne.

Mwalimu mwenzake, tuliyemwita Shemeji kwa mazoea, alikula mezani kwake miaka ishirini na sita, lakini mlimani hakuwahi kuvuka kibanda cha pili cha wapandaji, chini kabisa ya maua hayo, akisingizia magoti. Dada alipolazwa kwa maradhi ya moyo, Novemba 2021, Shemeji aliniomba madaftari yote manane ayapige chapa, nami nikayabeba kwa mikono hii, nikampelekea, nikamshukuru.

Kitabu alichokitoa kilitufikia wodini tarehe 3 Juni 2023, dada akiwa amelazwa tena, kina picha nzuri na jina moja tu, si la dada. Alikisoma, kisha akacheka hadi muuguzi wa zamu akaja, kwa kuwa kila ua mle lilikuwa na kimo cha sentimita mbili, tatu, nne, ilhali ua la njiti tatu linazidi kiganja.

“Huyu hajaliona hata moja,” akasema, “angejua.”

Halafu akageukia ukutani akalia, dada ambaye sikuwahi kumwona akilia, wala hakunilaumu, na bora angenilaumu. Alifariki tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 66.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotuletea viti na turubai, na walimu wenzake wote, isipokuwa mmoja, naye anajua amekaa wapi na shada lake.

Pumzika kwa amani, dada, kiberiti chako tumekuwekea mfukoni, na madaftari niliyoyatoa mimi, nitayarudisha mimi.